Meseji si pesa: kinachotokea kati ya kidole cha mteja na droo ya duka

“Nimeshatuma, dada.”

“Mbona kwangu haijaingia?”

Mteja ameshika simu, mfuko wa unga wa kilo 25 uko begani mwa kijana wa mkokoteni, na walio nyuma wameanza kunung'unika. Mteja anageuza kioo cha simu: meseji ya kutuma hii hapa, na makato yameshakatwa. Muuzaji anatazama simu yake, kimya. Hapo maneno huanza, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kinachowagombanisha ni kwamba pesa na taarifa ya pesa ni vitu viwili, kila kimoja kina njia yake, na hakuna kinacholazimisha vifike pamoja.

Mwenye duka akishaielewa tofauti hiyo, amepata kitu kinachomfaa kuliko kukariri menyu zote za mitandao. Anayetuma mara mbili, anayetoa mzigo kwa meseji feki, wakala anayefunga hesabu akiwa amepungukiwa: ukifuatilia hasara zao hadi mwanzo, utakuta kuna mahali mtu aliichukulia meseji kuwa ndiyo pesa yenyewe.

Pesa iko wapi hasa

Simu haina pesa ndani. Ikitumbukia kisimani, salio lako halijalowa hata shilingi moja. Noti unayompa wakala hubaki kwenye droo yake, na yeye anakupa salio kutoka kwenye salio lake, ambalo alilinunua mapema kwa kupeleka fedha benki. Fedha hizo za benki huwekwa kwenye akaunti ya udhamini, mbali na fedha za kampuni ya simu, na kila shilingi ya salio inatakiwa iwe na shilingi yake huko. Tanzania jambo hili linasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kenya wana sheria yao ya 2011.

Kwa hiyo pesa ya simu ni mistari ndani ya daftari kubwa la kompyuta. Ukituma sh 20,000, noti hazitoki popote. Daftari linaandika toa 20,000 kwa huyu, weka 20,000 kwa yule, na mambo hayo mawili huandikwa kwa pamoja: ama yote yanakubali, ama yote yanakataa. Simu ni dirisha la kulitazamia daftari hilo. Meseji ni barua inayoandikwa baada ya kazi kwisha.

Inafaa kukumbuka tulikotoka. Kabla ya pesa ya simu, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kumtumia mama yake pesa Sumbawanga alimkabidhi kondakta wa basi bahasha, akaandika namba ya basi kwenye karatasi, kisha akalala na wasiwasi. Wengine walinunua vocha, wakakwangua, wakazituma zile tarakimu kwa meseji, na aliyezipokea akaziuza kijijini kwa bei ya hasara. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikaja ikiwa ya kutuma pesa nyumbani. Vodacom wakaileta Tanzania mwaka 2008. Hitaji lilikuwapo tangu enzi za kondakta. Teknolojia iliipa bahasha njia nyingine ya kupita.

Safari ya muamala, hatua kwa hatua

Ukipiga *150*00# au *150*60#, simu yako haitumii bando. Inafungua mazungumzo ya moja kwa moja na mtandao kwa njia iitwayo USSD, inayopita katika mkondo uleule ambao simu hutumia kuuambia mnara “niko hapa” na “nataka kupiga”. Ndiyo maana kiswaswadu kisicho na intaneti kinatuma pesa sawasawa na simu ya milioni mbili. Kenya walianza kwa njia nyingine: menyu ya M-Pesa ilikaa ndani ya laini yenyewe, na maagizo yalisafiri kama meseji zilizofungwa kwa siri.

Mazungumzo ya USSD yana tabia moja ya kuikumbuka: hayahifadhiwi popote. Ni kama kuongea na mtu dirishani. Akiondoka, maneno yameishia hapo. Mtandao unakusubiri sekunde chache kati ya menyu moja na nyingine. Ukichelewa, ukipigiwa simu katikati, au ukiingia sehemu yenye mnara dhaifu, mazungumzo yanakatika.

Sasa angalia yanapokatikia. Umechagua kutuma, umeweka namba, umeweka kiasi, jina limekuja, umeweka namba ya siri na kubonyeza kutuma. Agizo likishafika, kompyuta ya mtandao inakagua mambo kwa mfululizo: namba ya siri ni sahihi? Salio linatosha pamoja na makato? Kiwango cha siku hakijapitwa? Akaunti zote mbili ziko hai? Ikiridhika, inaandika kwenye daftari, inatoa namba ya muamala, kisha inaagiza meseji mbili, moja kwako na moja kwa aliyepokea.

Mazungumzo yakikatika kabla hujabonyeza kutuma, hakuna kilichotokea. Yakikatika baada ya hapo, huenda muamala umekamilika na wewe hujui. Kioo kinaandika kwamba kuna tatizo la mtandao, mtu anadhani imekataa, anarudia, na pesa zinakwenda mara mbili. Maneno hayo ya kioo yanahusu mazungumzo kukatika, na hayasemi lolote juu ya daftari. Kabla ya kurudia, fungua menyu ya akaunti yako, angalia salio, na kama bado una shaka angalia miamala ya mwisho. Inachukua nusu dakika. Kurudisha pesa iliyokwenda mara mbili kunaweza kuchukua siku kadhaa, na inategemea kama mwenzako hajaitoa.

Kwa nini meseji inachelewa

Meseji haiendi moja kwa moja kutoka kwenye daftari hadi kwenye simu yako. Inapelekwa kwenye kituo cha meseji, ambacho kinaipokea, kinaihifadhi, kisha kinajaribu kuifikisha. Simu ikiwa imezimwa, iko nje ya mtandao, au sehemu yake ya kuhifadhi meseji imejaa, kituo kinasubiri na kujaribu tena baadaye. Mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka na kila mtu anatuma, foleni kwenye kituo inakuwa ndefu. Daftari limemaliza kazi saa 10:02, meseji inaingia saa 10:20. Na ikikaa mpaka muda wake uishe, inafutwa kabisa: pesa ipo, barua haikufika.

Kitu kidogo kinachosahaulika: simu nyingi za bei ndogo zina nafasi ya meseji chache tu. Mwenye duka ambaye hajafuta meseji za matangazo tangu mwaka juzi anaweza kukaa siku nzima bila kupata taarifa ya muamala hata mmoja, akawa analaumu mtandao. Futa matangazo kila wiki.

Kwa hiyo pale kaunta, jibu la “haijaingia” ni muuzaji kufungua salio lake mwenyewe. Kama lilikuwa sh 134,500 na sasa ni sh 179,500, zile 45,000 za unga zimeingia, na mteja aende zake na mzigo. Kama salio halijabadilika, pesa haijafika, hata mteja aonyeshe meseji kumi. Muombe namba ya muamala na jina lililotokea alipotuma. Mara nyingi kosa linaonekana papo hapo: tarakimu moja imekosewa na jina lililokuja lilikuwa la mtu mwingine, ila mteja alibonyeza bila kusoma. Jina lile liliwekwa kwa ajili ya kusomwa. Makosa mengi ya kutuma yangekomea hapo.

Wakala na hesabu isiyobadilika

Wakala ana mifuko miwili: taslimu na floti. Floti ni salio lililo kwenye laini yake ya uwakala. Mteja akiweka pesa, taslimu inapanda na floti inashuka. Mteja akitoa, floti inapanda na taslimu inashuka. Jumla ya viwili hivyo haibadiliki siku nzima.

Tuseme asubuhi wakala ana taslimu sh 1,200,000 na floti sh 800,000. Mtaji ni 2,000,000. Mteja wa kwanza anaweka 300,000: taslimu 1,500,000, floti 500,000. Wa pili anatoa 150,000: taslimu 1,350,000, floti 650,000. Bado 2,000,000. Jioni akikuta 1,950,000, basi 50,000 imetoka bila muamala, au amehesabu noti vibaya. Akikuta 2,050,000 asifurahi haraka. Huenda amepokea pesa ya mteja na hajamwekea, na mteja huyo atarudi. Kamisheni ihesabiwe kando, isichanganywe na mtaji, la sivyo itaficha upungufu mdogo mdogo hadi uwe mkubwa. Anayefanya hesabu hii kila baada ya saa tatu hupata kosa likiwa bado bichi, wakati anakumbuka sura ya mteja. Anayesubiri jioni anatafuta sindano katika miamala 80.

Tatizo la pili la wakala ni mizani kuelemea upande mmoja. Mjini watu wanaweka ili watume, kwa hiyo floti inakwisha na noti zinajaa droo. Kijijini wanapokea na kutoa, kwa hiyo noti zinakwisha na floti inajaa simu. Msimu wa kuuza korosho au pamba ukifika hali ya kijijini inazidi: malipo yanaingia kwenye simu za wakulima siku moja, wote wanataka noti siku hiyohiyo, na benki iko kilomita 40. Wakala mwenye akili anapatana mapema na wenye maduka ya jumla: wao wana noti nyingi wanazohofia kusafiri nazo, yeye ana floti nyingi wanayoihitaji kulipia mizigo mjini. Wanabadilishana, na hakuna aliyepanda bodaboda na mfuko wa noti.

Kuna pia suala la *ya kutolea*. Ukimwambia ndugu “nirushie elfu hamsini na ya kutolea”, unamwomba abebe makato ya kutoa pamoja na ya kutuma. Makato hupangwa kwa madaraja ya viwango, hivyo nyongeza ndogo inaweza kuusukuma utumaji kwenye daraja la juu. Mwenye kutuma mara kwa mara akae na jedwali la makato la mtandao wake na aangalie daraja linaishia wapi. Watanzania walilazimika kujifunza hesabu hii Julai 2021, tozo ya serikali ya kati ya sh 10 na sh 10,000 kwa muamala ilipoongezwa juu ya makato ya mitandao. Watu walirudi kubeba noti mfukoni, malalamiko yakawa makubwa, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa. Wafanyabiashara walijionea kwamba mteja anahama njia ya malipo haraka sana akiguswa mfukoni.

Namba yako binafsi au lipa namba

Maduka mengi yalianza kwa kubandika ukutani namba ya mwenye duka. Ni rahisi na inafanya kazi, mpaka siku inapokataa. Pesa ya duka inachanganyika na ya ada za watoto. Mfanyakazi akibaki dukani peke yake, simu yenye meseji iko na bosi mjini. Na kama laini ile ina deni la huduma ya kukopeshwa salio, kama Songesha kwa Vodacom au Fuliza kwa Safaricom, pesa ya mteja ikiingia inakatwa kulipa deni kabla hujaigusa. Unatazama salio, unakuta pungufu, unamwambia mteja hajalipa yote, kumbe kalipa.

Lipa namba inatenganisha mambo hayo. Mnunuzi anaingia kwenye menyu ya kulipa, anaweka namba ya biashara, jina la duka linatokea, anaweka kiasi. Pesa inaingia kwenye akaunti ya biashara, na kwa kawaida unaweza kuongeza namba za wasaidizi ili wapate taarifa bila kupewa uwezo wa kutoa. Kuna gharama: kulingana na mtandao, makato hubebwa na mnunuzi au na mwenye duka. Ukibeba wewe kwa kiwango cha, tuseme, nusu asilimia, mauzo ya sh 10,000 yanakugharimu sh 50. Weka hilo kwenye bei tangu mwanzo. Kumdai mteja nyongeza pale kaunta kunamrudisha kwenye noti, na noti nazo zina gharama: chenji, noti bandia, na mtu wa kuzipeleka benki.

Kenya wana namba za aina mbili, na wanaovuka mpaka huzichanganya. Till ni ya kununua bidhaa: namba na kiasi, basi. Paybill inadai pia namba ya akaunti, kwa sababu mpokeaji ni mkubwa, kama shule au kampuni ya maji, na lazima ajue nani amelipa. Ukikosea namba ya akaunti, pesa inafika shule sahihi kwa jina la mtoto wa mwenzio. Hapo mtandao hauwezi kukusaidia sana, maana muamala haukukosewa. Peleka namba ya muamala kwa mhasibu wa shule.

Mitandao nayo zamani haikuongea. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipata meseji yenye namba ya siri ya kuendea kwa wakala wa mtandao *wako* kutoa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walianza kuunganisha pochi zao, Vodacom akaingia mwaka 2016, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao mahali pamoja. Benki Kuu ikaweka pia alama moja ya kulipia kwa kamera, TANQR. Alama hiyo ikibandikwa nje ya duka, iangalie kila asubuhi. Karatasi ni karatasi. Mtu anaweza kubandika yake juu ya yako usiku, na mchana mzima wateja wakamlipa yeye. Kinga ni kumwomba mteja asome jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri.

Utapeli unaoishi kwenye meseji

Kila aliyewahi kuwa na laini Tanzania ameipata hii: “Ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja…” Tapeli hajui kama una pesa ya kumtumia mtu. Anatuma kwa maelfu ya namba, akitegemea kwamba miongoni mwao wapo wachache ambao dakika hiyo walikuwa wakisubiri namba ya kutumia kodi au ada. Haangalii wewe ni nani, anaangalia wingi. Ndiyo maana anayesema “mimi siwezi kutapeliwa” ndiye anayenaswa akiwa na haraka. Ukitaka kutuma pesa, mpigie mpokeaji kwa namba uliyokuwa nayo, msikie sauti, kisha tuma. Namba ya tapeli itume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kupokea taarifa hizo.

Meseji feki ya malipo inataka kutazamwa kwa karibu. Inasomeka hivi: “Imethibitishwa. Umepokea Tsh 50,000.00… Salio lako jipya ni Tsh 62,300.00.” Maneno ni yaleyale, namba ya muamala ipo, tarehe ipo. Anza na mtumaji. Meseji halali huja kwa jina la huduma, na huwezi kuijibu. Feki huja kutoka kwenye namba ya kawaida. Lakini usiishie hapo. Mtu aliyewahi kuishika simu yako anaweza kuwa amehifadhi namba yake kwa jina M-PESA, na meseji zake zikaja zikisomeka hivyo. Angalia salio lililoandikwa. Kama asubuhi ulikuwa na 8,900 na meseji inadai umepokea 50,000, salio jipya linatakiwa kuwa 58,900. Tapeli hajui salio lako, kwa hiyo analibuni, na hapo hesabu inagoma. Kisha fungua menyu uone salio halisi. Hilo la mwisho ndilo linalokata mzizi. Mengine yote ni dalili.

Baada ya meseji feki huja simu: “Samahani kaka, nimekosea nimetuma kwako, ni ya mgonjwa, nirudishie.” Ukirudisha, unatuma pesa yako halisi kurudisha pesa ambayo haikuwahi kufika. Hata kama salio limeongezeka kweli, usirudishe kwa mkono. Mwambie apige huduma kwa wateja ili mtandao urudishe muamala uleule. Ukirudisha mwenyewe kisha naye akaomba mtandao urudishe, unaweza kukatwa mara mbili.

Na wewe ukikosea, kasi ndiyo kila kitu. Tanzania piga 100 au tumia menyu ya kurudisha muamala kama mtandao wako unayo. Kenya meseji ya muamala wa M-Pesa hupelekwa 456. Mtandao unaweza kuzuia pesa ikiwa bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji. Ikishatolewa kwa wakala imekuwa noti, na daftari haliwezi kuifuata noti mtaani.

WhatsApp dukani

Oda nyingi sasa zinaanzia WhatsApp, na hapo kosa lilelile linavaa nguo nyingine: picha ya skrini. Mnunuzi anatuma picha ya meseji ya malipo, muuzaji anamkabidhi bodaboda mzigo. Picha hiyo hutengenezwa kwa dakika mbili na mtu yeyote mwenye programu ya kuhariri picha. Picha ya meseji iko hatua mbili mbali na pesa. Mwandikie mteja mapema, kwa ujumbe uliouhifadhi ili usiuandike upya kila mara: kiasi kamili pamoja na usafiri, lipa namba, jina litakalotokea, na kwamba mzigo unatoka malipo yakionekana upande wako. Mteja mwaminifu haudhiki na hilo.

Programu ya WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, ina mambo matatu yanayolipa kazi ya kuyaandaa: orodha ya bidhaa zenye picha na bei, majibu ya haraka, na lebo za kupanga wateja kuwa “ameagiza”, “amelipa”, “amepelekewa”. Lebo hizo zinafanya kazi ya daftari la oda. Kuhusu bei, tuna msimamo: iandike. “Njoo inbox” inamlazimisha mteja aulize, asubiri, aulize tena usafiri, na katikati anakutana na muuzaji mwingine aliyeandika 18,000 waziwazi. Na unapotuma tangazo kwa orodha ya wateja, orodha moja inachukua watu 256, na linamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi hulaumu mtandao, kumbe mteja hajawahi kuwahifadhi. Mwombe ahifadhi namba siku anayonunua kwa mara ya kwanza, akiwa bado ameridhika.

Mtu akikuomba “hiyo kodi ya tarakimu sita iliyoingia kwako kimakosa”, hata akitumia akaunti ya rafiki yako, usimpe. Kodi hiyo, yaani namba ya uthibitisho, ndiyo ufunguo wa kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake, na ya rafiki yako huenda ilichukuliwa hivyohivyo. Nenda kwenye mipangilio, washa uthibitisho wa hatua mbili, weka namba ya siri tofauti na ile ya pesa.

Laini ndiyo kitasa

Pesa, oda na mawasiliano yote vimening'inia kwenye laini moja, na laini hubadilishwa. Tapeli akifanikiwa kusajiliwa laini mpya yenye namba yako, yako inakufa na yake inaamka. Dalili ni moja: simu yako inapoteza mtandao ghafla wakati wa jirani mwenye mtandao huohuo unasoma vizuri. Ukizima na kuwasha na hali ikabaki vilevile, usisubiri kesho. Azima simu, piga 100, omba namba na akaunti ya pesa vifungwe.

Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao ikafutwe, kwa sababu utapeli utakaofanywa kwa laini hiyo utakuja kuulizwa wewe. Namba ya siri ina tarakimu nne, michanganyiko 10,000 tu, na kinachoilinda ni kwamba akaunti hufungwa baada ya kukosea mara chache. Anayeweka mwaka wa kuzaliwa amempunguzia mwizi kazi hiyo, hasa pale kitambulisho na simu vinapokaa mkoba mmoja.

Kwa duka, laini ya biashara isajiliwe kwa jina la biashara au la mwenye duka, kamwe isiwe ya mfanyakazi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Siku akiondoka, anaondoka na lipa namba, na wateja wa miaka mitatu, na kumbukumbu za mauzo. Omba taarifa ya miamala ya mwezi kutoka mtandao wako na uilinganishe na daftari la mauzo, mstari kwa mstari. Na ikiwa unapaswa kutumia mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, toa risiti kwa kila malipo ya simu kama unavyotoa kwa noti; meseji ya muamala haihesabiwi na mamlaka ya mapato, TRA, kuwa risiti.